Nyundo au Sabuni: Binti Ameniachia Mimi Nichague

Mshauri wetu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mstaafu niliyefundisha watu kulenga shabaha maisha yangu yote ya kazi, kwanza jeshini na baadaye kwenye klabu ya shabaha ya mji wetu, na leo nakuandikia kwa sababu nina furaha iliyonikwama kooni, siwezi kuimeza wala kuitema, na mke wangu amechoka kuisikia akaniambia, "Mwandikie yule mama wa gazetini, mimi nina nguo za watu za kushona."

Kitindamimba wangu, ambaye kwa kazi ni mpima ardhi, amechaguliwa kuwa nahodha wa klabu kwenye mashindano makubwa yajayo, mwanamke wa kwanza tangu klabu ianzishwe, na usidhani nambeba kwa kuwa ni damu yangu, kwani amewashinda mbele ya macho yangu wanaume wenye mabega ya kujaza mlango, huku yeye mdomoni ana peremende. Wakimuuliza siri yake husema, "Mimi kazini nalenga kutwa nzima, ila kule nikikosea kidogo ni ukuta wa jirani unaobomolewa." Basi ni desturi ya klabu kwamba nahodha mpya hupewa bastola mpya ya mashindano, inakaa kwenye sefu ya klabu na hakuna mwingine anayeigusa, na mwaka huu kamati iliweka mbili mezani, za viwanda viwili tofauti, achague moja. Mwanangu alizitazama, akasimama, akasema mbele ya watu wote, "Atakayoichagua baba ndiyo hiyohiyo." Ukumbi mzima ulipiga makofi, wazee wenzangu wakanipigapiga mgongoni, na mimi nikajiona mrefu kuliko mlango niliotokea.

Tangu siku hiyo silali vizuri, na kamati inataka jibu kabla ya wiki kwisha.

Naomba nikueleze bastola zenyewe, maana bila kuelewa hutaweza kunisaidia, na majina ya viwanda nitayaacha kwa kuwa gazeti lako si duka, nitatumia yale tunayoziita wenyewe klabuni. Zote mbili ni za chuma kisichoshika kutu, chuma kilekile cha vijiko vizuri, na hilo ni jambo la maana kwa mlenga shabaha kwa sababu jasho la mkono lina chumvi na chumvi ni adui wa chuma, ingawa watu wanakosea wakidhani haihitaji kusafishwa, inahitaji, ila inakusamehe ukichelewa. Zote mbili hujipakia zenyewe, yaani ukishafyatua, kile kipande cha juu kinarudi nyuma kwa nguvu ya mlipuko, kinatupa ganda tupu nje na kuingiza risasi nyingine, mkono wako ukabaki na kazi ya kulenga tu. Ya kwanza tunaiita Nyundo, kwa sababu kuna kinyundo kidogo kinachotokeza nyuma, na hiyo ndiyo aina niliyoishika ujana wangu wote, zamani ikiwa nyeusi na sasa inang'aa kama sahani ya harusi. Ni nzito, haikurushi, na kifyatulio chake ni chepesi kama kugeuza ukurasa. Ya pili wazee wanaiita Sabuni, kwa dharau, kwa sababu haina kona, kinyundo chake kimefichwa ndani, na mshiko wake umelainika kama kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika. Mwenzangu mmoja tunayemwita Jicho, aliyekuwa bingwa enzi zetu, aliishika akauliza, "Hii unafyatulia au unaogea?" tukacheka mpaka machozi.

Sasa kuna alama ambayo sisi wa Nyundo sote tunayo. Ukiishika juu vizuri kama inavyotakiwa, kile kinyundo kikirudi nyuma humbana mtu nyama ya kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, kwa wenye mkono wenye nyama lakini, na baada ya muda panabaki kovu dogo. Hilo kovu tunaliita muhuri. Katika darasa langu nilikuwa nawaambia wanafunzi, hujawa mlengaji mpaka Nyundo ikugongee muhuri, na wazee tukikaa kwenye benchi letu pale uwanjani hunyoosha mikono kama watu wanaoonyeshana picha za wajukuu. Mwanangu alipoanza mazoezi ya kujitayarisha kwa mashindano, akitumia Nyundo ya klabu, naye akagongwa. Nilimshika mkono nikampeleka moja kwa moja kwenye benchi. "Waonyeshe wazee, mwanangu!" Jicho akavua kofia. Mwanangu akacheka, akaonyesha kidogo, akarudisha mkono mfukoni. Tangu wakati huo ana plasta, ikibanduka anaweka nyingine, na mama yake alipoiona alinigeukia mimi: "Wewe ungeungua na pasi ungesema ni nishani."

Nimemjaribisha mwanangu bastola zote mbili kwa njia niliyomfundisha tangu siku ya kwanza, nayo ni hii. Unahakikisha bastola haina kitu, unahakikisha tena, unaielekeza kwenye tuta la udongo, unafumba macho, unainua mkono, unafumbua. Kinundu cha kulengea cha mbele kikiwa kimekaa sawasawa ndani ya pengo la nyuma, basi bastola hiyo imeukubali mkono wako. Kwa Sabuni kilikaa, akarudia kikakaa. Kwa Nyundo kilikuwa juu kidogo, akakishusha kwa kifundo cha mkono, haraka sana, mtu mwingine asingeona. Nikamuuliza mbona unaisahihisha? Akasema, "Nimeshaizoea, baba." Kwa alama za mazoezi wala hazipishani sana, Nyundo inamwanzisha vizuri zaidi, ila kadiri mazoezi yanavyoendelea alama zinashuka, na mimi nasema ni uzito tu, mkono utakomaa, na nimewaza hata kukipiga tupa kidogo kile kinyundo ili kisimbane sana.

Na lipo jambo moja zaidi, nalo ndilo linaloniuma. Nyundo naifungua na kuifunga nikiwa nimefumba macho, ikigoma naijua imegoma wapi kwa kusikiliza tu, na kila mwanangu aliposhindana mimi ndiye nilikuwa nyuma yake na mfuko wa vifaa. Sabuni niliifungua kwenye meza ya karakana ya klabu, springi ikaruka chini ya kabati. Mwanangu akapiga magoti akaitoa, akaipangusa, akaanza kuifunga polepole mbele yangu huku akisema, "Taratibu baba, inaanzia huku." Maneno hayo ni yangu mimi! Nilikuwa nayasema nikiwa nimesimama nyuma yake wakati hata meza haifikii vizuri. Nilijisikia fahari, mshauri, nakwambia kweli, na papo hapo nikajisikia kama mgeni kwenye karakana niliyoipanga mwenyewe. Nikichagua Sabuni, siku ya mashindano nitakaa benchi la wazazi na chupa ya maji kama baba yeyote, na Jicho atanicheka mpaka kaburini. Nikichagua Nyundo, mwanangu ataibeba bila neno, namjua. Je, nichague ipi, au nimrudishie mwenyewe uamuzi?

Ni mimi, Mwenye Muhuri.

JIBU

Marahaba, Mwenye Muhuri. Umri wangu siutangazi gazetini, lakini shikamoo yako imefika mahali pake, kwa hiyo niruhusu nikuite mwanangu, na nikuseme kama mama.

Kwanza hongera. Umelea mtoto anayewashinda wenye mabega huku ananyonya peremende, na akishashinda anakumbuka kumtukuza baba yake mbele ya ukumbi. Wazazi wengi huniandikia wakilia kwamba watoto hawawasikilizi. Wewe wako anakusikiliza mpaka anaumia, na wewe kidonda hicho unakiita muhuri.

Mimi sijawahi kushika bastola. Nimewahi kuvaa viatu vinavyobana. Unaingia harusini unatembea kama malkia, watu wanakusifu, na ukifika wakati wa keki unahesabu tu hatua za kufika kwenye kiti. Sasa isome tena barua yako mwenyewe. Nyundo inamwanzisha vizuri, halafu alama zinashuka. Unasema ni uzito. Mpima ardhi anayebeba vyombo vyake mabondeni na milimani kutwa nzima, leo aelemewe na bastola? Mwanangu, mkono ukishajua utaumwa, unajikunja kabla ya kuumwa. Umefundisha watu maisha yako yote, hili unalijua kuliko mimi. Angekuwa mwanafunzi wa mtu mwingine ungeliona siku ya kwanza.

Na kuna kitu umekiandika ukakipita mbio. Ulimpeleka kwenye benchi la wazee aonyeshe muhuri wake, akauonyesha kidogo, akauficha mfukoni. Mtu mwenye nishani haiweki mfukoni. Ninyi mlipata makovu hayo kwa sababu siku zenu hapakuwa na bastola nyingine ya kushika, mkafanya vizuri mkayageuza kuwa jambo la kuchekea. Hiyo ni haki yenu, vaeni makovu yenu kwa furaha. Lakini kovu lililompata mtu kwa kukosa njia nyingine halifai kuwa karo ya kuingilia darasani. Kwa nini yeye aumie mahali ambapo chuma kilekile kinachong'aa kimetengenezwa kisimuumize?

Unauliza umrudishie uamuzi. La. Usithubutu. Amekuheshimu mbele ya watu wote, ukimrudishia faraghani utakuwa umemwachia mzigo: akichagua Sabuni ataonekana amemkataa baba, akichagua Nyundo ataendelea kubandika plasta. Uamuzi ni wako, na wewe tayari unao. Ulimpa mtihani wako, wa kufumba macho, ambao umewapima nao wanafunzi wako wote. Sabuni ikaukubali mkono wake mara mbili. Nyundo ilibidi aibembeleze. Kama mtihani ule ni wa kweli, utii. Kama si wa kweli, waombe radhi wanafunzi wako wote.

Tena weka chini hiyo tupa. Bastola ya mashindano haipigwi tupa na baba mwenye mapenzi. Itakataliwa mlangoni, au itafyatuka pasipotakiwa, na hapo hata mimi sitakuwa na la kukushauri.

Haya, fanya hivi. Nenda kwenye kamati wewe mwenyewe, usitume mtu, na usingoje mwisho wa wiki. Hakikisha Jicho yupo. Simama kama ulivyokuwa ukisimama darasani, uwaeleze kama ulivyonieleza mimi, maana unaeleza vizuri ajabu, mpaka mimi mwanamke wa kalamu nimejua pengo la nyuma na kinundu cha mbele. Waambie umempima nahodha wao kwa njia ya zamani, na njia ya zamani imechagua Sabuni. Jicho akicheka, mwambie aje aoge nayo kwenye mashindano tuone atapata alama ngapi. Atavua kofia tena, namjua bila kumwona.

Halafu mwambie binti apumzishe mkono mpaka ngozi ifunge. Sema wewe kwanza, kwa sababu yeye hatasema.

Sasa kuhusu mfuko wa vifaa. Nimekuelewa, na sikucheki. Umekuwa nyuma ya mtoto huyu tangu meza ilipokuwa ndefu kwake, na mtu hapendi kuambiwa mikono yake haihitajiki tena. Lakini ni nani alimfundisha kuanza huku, taratibu? Ile sauti uliyoisikia karakanani ilikuwa yako, imetoka kwenye kinywa kingine. Walimu wengi hufa bila kuisikia. Basi kaa kwenye kiti cha mwanafunzi, mwombe akuonyeshe Sabuni kipande kwa kipande, na springi ikiruka tena, safari hii piga magoti wewe. Ukishaijua, rudi na mfuko wako. Ikiwa mashindano yatawahi kabla hujaijua, hakuna aibu, mwachie mfuko abebe mwenyewe.

Ikiwa hivyo, siku hiyo nenda ukae kwenye benchi la wazazi na hiyo chupa yako ya maji, pembeni ya mkeo. Atakapoinua mkono, usitazame bastola, umeitazama vya kutosha. Mtazame yeye. Na akimaliza, huo mkono wako wenye muhuri, ambao umefungua na kufunga na kuonyesha na kunyoosha kidole, upigishe makofi mpaka mkeo akwambie inatosha. Kisha ongeza kidogo.