Jina la Mjomba Lingali Linathibitisha

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana sijui tena kama namtii mtu au kaburi. Mimi ni fundi wa mtandao wa hospitali, kazi niliyofundishwa na mjomba wangu na kuirithi alipofariki, na ruta zetu kubwa, yaani mashine zinazoelekeza mawasiliano, zina utaratibu aliouweka yeye, kwamba ukibadilisha mipangilio, mabadiliko yanafanya kazi kwa muda mfupi tu, na yasipothibitishwa yanajifuta na ya zamani yanarudi, ili fundi akikosea asiikatie hospitali mawasiliano. Sasa mshauri, kila nikibadilisha jambo, kabla sijathibitisha mwenyewe, kioo cha kompyuta kinaniandikia kwamba limethibitishwa, na jina la aliyethibitisha ni la mjomba, ambalo sikulifuta kwenye orodha ya mafundi alipofariki, na nikikosea jina hilo halitokei, kosa linajifuta. Alipokuwa hai nilidhani ananiangalia kutoka mezani kwake. Sasa pale mezani limebaki koti lake tu, na siku moja niliandika kwenye sehemu ya maelezo ya ruta, “Mjomba, ni wewe?” na jina lake likathibitisha. Nilipomweleza mama, ambaye ni dada yake, alisema, “Muulize kama amekula.” Tangu hapo nimezoea, sikagui tena kazi yangu, namsubiri yeye. Jumamosi tunahamishia wodi zote kwenye njia mpya za mtandao, pamoja na wodi ya watoto wachanga iliyofunguliwa mwezi uliopita, ambayo mashine zake humwita muuguzi kupitia mtandao, na meneja anataka jina la mjomba lifutwe kabla ya hapo. Nikilifuta, nani atanithibitishia?

Mpwa wa Fundi

Mwanangu, pole kwa msiba. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako imenitia hofu, na si kwa ajili ya mzimu.

Nilimwonyesha mhandisi wa mitandao barua hiyo, wala hakushangaa. Alisema fundi mwangalifu huweza kuacha agizo ndani ya ruta: mipangilio ikibadilika, ziite wodi moja moja, zote zikiitikia, thibitisha kwa jina langu, moja isipoitikia, nyamaza. Ndiyo maana makosa yako yalijifuta. Ulipouliza kama ni yeye, hukubadilisha njia yoyote, wodi zikaitikia, agizo likakubali. Ungeandika tusi, lingekubali vilevile.

Sikatai kwamba huo ni uangalifu wa mjomba wako. Lakini agizo lake huziita wodi alizozijua. Wodi ya watoto wachanga ilifunguliwa yeye akiwa kaburini. Jumamosi ukiikata kwa bahati mbaya, wodi za zamani zitaitikia, jina lake litathibitisha, nawe utafunga mlango uende nyumbani umetulia, huku mashine za watoto zikiita na hakuna muuguzi anayesikia.

Acha uvivu unaouita heshima. Kesho mweleze meneja yote. Litafuteni agizo hilo, mlisome pamoja, mliondoe. Kisha ulifute jina kwa mkono wako mwenyewe. Koti mpelekee mama yako. Jumamosi, mtu asimame katika kila wodi akwambie kwa mdomo wake kwamba mashine zinaita, na uanze na wodi ambayo mjomba wako hakuijua. Ndipo uthibitishe, kwa jina lako.

Na jina lake likitokea tena baada ya hapo, usiniandikie mimi. Mwite meneja upesi, kwa sababu anayelitumia atakuwa mtu aliye hai.