Maji ya Huyu, Maneno ya Yule

Mwabungo, Kwale

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje na baridi hiyo ya Kitui? Nawe Kasyoka, dada yangu unayemsomea, soma polepole wala usiruke mahali pabaya. Sisi huku tunapumua.

Uliponiuliza kwa simu kama mtoto wetu alibatizwa, nilisema mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzuri. Najua hutaki kumtolea Misa kabla hujajua, kwa hiyo nakueleza yote.

Alikuja kabla ya miezi yake, mimi nikiwa Diani nakata nyasi za watu. Nduku alikuwa na Bi Mwanasha tu, jirani yetu Mdigo, aliyezalisha nusu ya kijiji hiki. Mke wangu alipoona mtoto anahema kwa shida, alikumbuka mafundisho: penye hatari yeyote aweza kubatiza, hata asiye Mkristo, mradi amwage maji na kutamka maneno. Mwenyewe hakuweza kuinuka. Akamwomba Bi Mwanasha.

"Mwanangu, maneno hayo ulimi wangu hauyawezi," Bi Mwanasha akamjibu. "Nitakuwa namwongopea Mungu wangu na wako. Lakini maji nitammwagia."

Basi yeye akamwaga, Nduku akatamka akiwa amelala mkekani. Akamwita Kilonzo, jina la baba yangu. Niliporudi alikuwa ameshafunikwa.

Katekista alinisikiliza akikuna kidevu. Akasema anayemwaga ndiye anayetamka. Maji ya huyu na maneno ya yule hayafanyi sakramenti. Kisha akasema tumkabidhi mtoto kwa huruma ya Mungu. Aliyasema kama karani anayekuambia mkubwa hayupo, kaa hapo kwenye benchi.

Nikaingia Bibliani mwenyewe, wanijua kichwa changu. Yule mtoto wa Daudi alikufa siku ya saba, na kutahiri kwao ni siku ya nane. Naye basi aliondoka bila alama, na bado Daudi alisema atamwendea. Nilifurahi, kidogo. Halafu nikasoma kwamba Daudi alioga, akala. Mimi chakula bado hakishuki. Na pale Musa anapoambiwa kuwa Bwana ni mwingi wa huruma, ukisogea mbele kidogo unakuta anawapatiliza watoto makosa ya baba zao. Nikafunga kitabu.

Isaya ndiye aliyenimaliza. Kwake Mungu anazidi hata mama anyonyeshaye: mama aweza kumsahau mwanawe, Mungu hasahau. Mama, tulipokwisha kuzika, maziwa ya Nduku yakaja. Mengi, yanalowesha kanga. Huyakamua nyuma ya nyumba, Bi Mwanasha akimshikia bakuli. Ikiwa huruma ya Mungu ni ya namna hiyo, basi ipo, wala sibishi tena. Inafika, inamkuta aliyeihitaji ameshaondoka.

Jibu langu, basi, ni kwamba hakubatizwa, kwa jinsi wanavyohesabu wao. Padri akikubali kumtaja, mtaje. Akikataa, sina la kukushauri.

Nisalimie mjomba mlinzi wa shule, na mama yangu wa ubatizo. Yeye mfiche habari hii kama utaweza, maana ataomba novena ya siku tisa na kunipigia kila jioni kunieleza imefika wapi.

Nduku anakuamkia. Anataka nikuulize neno moja: yule mtoto wako aliyekufa kabla sijazaliwa, maziwa yake yalikauka baada ya muda gani?

Mwanao,
Mutinda