Mshumaa wa Ghala la Chini

Kando ya Mto Missouri,
14 Oktoba 1920

Kaka Anselm mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima yote. Shemeji hajambo huko St. Louis? Na kikohozi cha Lina mdogo kimetulia? Mimi mwili mzima. Baba yu hai, na kwa leo hilo litoshe.

Simu ya maandishi ilikuambia kwamba mume wangu Konrad amefariki na Baba yuko ndani. Haikukuambia mengine.

Jumanne asubuhi maofisa watatu wa sheria ya kukataza pombe walikuja na mashoka kwenye ghala letu la mvinyo. Aliyewaongoza ni Konrad. Ndiyo, kaka, mkwe ambaye Baba alimfundisha kazi ya mapipa tangu hajui kushika nyundo. Walimwahidi cheo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wakapasua kila kitu. Lile pipa kubwa alilochonga Babu, lenye sura ya Mtume Petro, walilianza usoni. Mvinyo ulitufika vifundoni, ukatoka mlangoni, ukateremka barabarani hadi mtoni. Mabata wa Bi Hedwig waliunywa wakawa wanaangukiana. Sikucheka, mimi ninayecheka hata matangani.

Baba alisimama mbele ya pipa la mwisho mle ndani na kuliwekea mkono. Maofisa walisita. Konrad hakusita. Alichukua nyundo ya Baba mwenyewe akampiga mkono ule mara mbili, nikasikia mifupa ikivunjika.

"Ondoka, mzee," alimwambia. "Zama zako zimekwisha."

Kisha akawaambia maofisa kwamba limebaki ghala la chini, lenye mvinyo mpya. Wao wakaenda kumalizia mapipa ya uani, yeye akanipa mshumaa. Akasema nishike mimi, kwa kuwa mkono wangu hautetemeki.

Wewe umekulia humo, kaka. Mvinyo ukiwa unachacha, mwenye mshumaa hutangulia, tena huushika chini, usawa wa goti, maana hewa inayoua hulala sakafuni. Ukizimika, mnapanda. Lakini Konrad alikuwa na haraka, akanipita ngazini. Chini aligeuka mara moja, akaona mwanga unawaka, akachutama kutafuta bomba la kumwagia mvinyo nyuma ya pipa. Hakuinuka. Visigino vyake vilipiga sakafu kwa muda, kisha vikatulia.

Baba alikuja akaniona, akaelewa, akaninyang'anya mshumaa kwa mkono wake mzima. Maofisa walipofika walimkuta nao, naye akakiri. Jumatatu anasomewa shtaka la kuua. Nilipompelekea supu jela aliniambia ninyamaze, eti ana miaka sabini na mmoja na gereza halitapata cha kutafuna.

Kaka, nilisimama ngazi ya nne na mshumaa nimeuinua juu ya kichwa changu, kama tunavyoushika kanisani. Sikusahau. Nilijua. Konrad alipoanguka nilisali Baba Yetu mpaka amina, polepole, ndipo nikapiga kelele. Nilimpenda, na bado nilisali polepole.

Wewe ndiye mwenye Kiingereza kizuri. Njoo kwa treni ya Jumapili, umsomee hakimu barua hii bila kupunguza neno. Baba atakukasirikia, mwache akasirike nyumbani kwake. Nguo zangu nimeshafunga.

Wasalimie wote, na mbusu Lina kwa niaba yangu. Kikohozi kikirudi, mpake mafuta ya bata kifuani.

Ni mimi dada yako,
Mathilde