Skrubu za Darubini

Ijumaa, Discovery Gardens

Na bado ananilaumu mimi. Asubuhi niliisawazisha darubini ya ile bunduki fupi ya risasi moja mpaka matundu matatu ya risasi yakagusana kwenye karatasi ya shabaha. Nilimwomba sir, tajiri wa Kiarabu ninayemtunzia bunduki, asiiguse. Akazungusha skrubu zake kwa sababu tu alipenda kuzisikia zikilia.

Shambani kwake akamfyatulia kulungu wa kufugwa, akamng'oa taya. Risasi nyingine zilikuwa garini.

Nilimkalia mnyama shingoni. Alinipiga mateke ya ubavu, damu ikanijaa hadi viwikoni. Kisu nilikuwa nacho, lakini mimi ni Mkristo; nikichinja mimi, sir hatakula. Ikabidi nimngoje Musa, dereva wetu Mganda.

"Kaka, mgeuze kibla!" alipiga kelele akikimbia.

"Mgeuze wewe! Fanya haraka, bado ananitazama!"

Musa alipomaliza, sir alinirudishia bunduki. "Mbovu hii. Khalas, yameisha, kesho mwingine."

Jioni nimeisawazisha upya, kisha nikazitia gundi skrubu zote zisizunguke tena. Akigundua, atanifukuza. Asipogundua, kulungu wa kesho atakufa kabla hajausikia mlio.