Namba Ishirini na Saba Amejifungua

Endasak,
Jumapili, 3 Agosti 2025

Justina amejifungua! Mtoto wa kike, kilo tatu na robo, nywele nyingi kama za marehemu baba yetu, na sauti ya kuita ng'ombe walioko ng'ambo ya korongo!

Dada yangu Marieta, shikamoo. Furaha imenifanya niruke salamu, unisamehe. Habari za Haydom? Goti linakusumbua bado kwenye baridi hii? Shemeji Hermani hajambo? Na binti yenu Loveness, hajambo? Yeye ndiye ninayemwaza zaidi ninapoandika, utaona kwa nini. Sisi tu wazima. Maharage tumeshavuna na kuyapiga. Asubuhi ukungu unashuka kutoka mlimani Hanang mpaka mlangoni, nami nakaa jikoni na mjukuu mapajani, sijui kama niko macho au naota.

Nimewakataza wote kukupigia simu kabla hujapata barua hii. Nina jambo ambalo mdomo wangu, pamoja na ukubwa wake wote unaoujua, umeshindwa kulisema.

Unakumbuka ile miaka saba Justina aliyokaa bila mtoto. Mama mkwe wake alikuwa akipita bombani anasema Yonas ameoa ghala kubwa lisilo na mahindi. Yonas, Mungu ambariki kijana yule, akamjibu mama yake kwamba yeye alioa mke, hakununua ghala. Nami nilijivunia zile kilo mia na ishirini na nane, nikiwaambia wenzangu kuwa mabinti zao watapeperushwa na upepo, wangu hata pikipiki inamwomba radhi. Kumbe daktari wa kule Dar alisema uzito ule, pamoja na homoni zake, ulizuia mayai yasikomae; siku zake zilikuwa zikija mara mbili tu kwa mwaka. Walijaribu mlo, wakajaribu dawa, ndipo wakampunguza tumbo. Tumbo la chakula, dada, si la uzazi kama majirani walivyotangaza.

Tena yumo kwenye utafiti! Anasema wataalamu wa nchi nyingi wanachunguza kama upasuaji huu unawasaidia kweli wanawake wazito wasioshika mimba, na hawajamaliza. Wapo waliopata, wapo wanaongoja bado. Kila miezi mitatu wanampigia kumuuliza kilo zake na siku zake. Jina lake hawaliandiki, ni namba ishirini na saba. Lakini mimi sikuapishwa. Kanisani, mnadani, kwa fundi cherehani, wote wanajua namba ishirini na saba nilimzaa mimi.

Alikatazwa mimba mwaka na nusu, mwili utulie kwanza. Akapungua polepole kama mtu anayekuja kutoka ndani ya ukungu, mpaka nikauona tena uso wa kile kitoto nilichokipeleka darasa la kwanza. Siku zikarudi kila mwezi. Halafu mwezi mmoja hazikuja, akanikalisha chini, akacheka tu, nami nikalia.

Sasa dada, kaa na wewe. Unakumbuka nilikupigia simu wiki ya tatu baada ya upasuaji, nikalia kwamba madaktari wamemharibu mwanangu, anatapika mpaka anazimia? Loveness naye, mwenye shida ileile ya Justina, alikuwa ameshapewa tarehe ya kwenda kupimwa na daktari yuleyule. Kwa maneno yangu akaichana ile karatasi. Hakuna daktari aliyemharibu Justina. Ni mimi. Aliagizwa vijiko vichache vya uji mwepesi, nami nilimwona anayeyuka mbele ya macho yangu. Nikashusha kibuyu cha maziwa ya mgando, nikakoroga samli, nikamwambia nimekuzaa mimi, kunywa. Akanywa kwa kuniheshimu. Alilazwa siku tatu na dripu. Daktari alipomuuliza, akasema alikunywa kwa tamaa yake mwenyewe.

Tangu hapo naota kibuyu kimening'inia darini, kinadondosha maziwa, na chini yake amekaa Loveness na mikono mitupu.

Juzi, mtoto alipolala, Justina aliniambia kwamba mbele ya daktari alinifichia, lakini mbele ya Loveness hatanifichia. Amekataa mtoto apewe jina kabla Loveness hajampakata na kuujua ukweli. Si kila mwenye uzito hukatwa, wala hakuna anayeahidiwa mtoto. Lakini Loveness apimwe, achague mwenyewe, asichaguliwe na uongo wangu. Justina atamsindikiza. Msomee barua hii yote, usiruke pangu pabaya. Akinitukana, mwambie shangazi zake wote wameshanitukana kabla yake, atapata nafasi.

Wasalimie wote, mkamue na mbuzi wenu kwa niaba yangu. Kibuyu nimekiosha, nimekifukiza, kinawangoja ninyi wenye matumbo mazima.

Ni mimi mdogo wako mwenye makosa, Philomena, bibi wa mtoto asiye na jina bado, nitakayesimama barabarani kuwapokea, na Loveness mbele yenu, Jumamosi tarehe kumi na sita Agosti.