Mamluki Walikuwa Watoto Wetu

Mke wangu Mama Oreste, huko ulikonitangulia,

Barua hii nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumpa mtu aniandikie, kwa hiyo usizicheke herufi. Unajua mimi nilisoma masomo ya jioni ya watu wazima tu, na hata hivyo katika darasa lile nilikuwa wa kwanza kusoma jina langu bila kusaidiwa. Nimekaa na karatasi hii siku nne. Mshituko haujanitoka. Nikishika kikombe cha chai kinagonga meno.

Nianze na uwanja, maana mambo yote yalianzia pale.

Unakumbuka matokeo ya darasa la saba yalivyobandikwa, shule yetu ikawa ya mwisho kata nzima. Mimi mwenyekiti wa kamati ya shule, niliyesimamia madarasa mawili na vyoo bila bati hata moja kupotea, nikapita sokoni Kizwite watu wananiuliza, mwenyekiti, mmeamua kushika mkia? Nilirudi nyumbani sikula, ukaniwekea chakula mara mbili ukakitoa mara mbili. Wiki iliyofuata nikaitisha mkutano nikawaambia, mpira haufaulishi mtu. Ule uwanja ulimwe, watoto wapate uji, wakae darasani mpaka jioni wasome. Nani angenipinga? Nikaingiza ng'ombe wangu wawili, jembe likapita kutoka goli mpaka goli. Hata kile kipande cha netiboli, pale mlipokuwa mnakaa nyinyi akina mama mkiimba, kikageuka matuta. Watu walikuja wengi kulima, na pombe ya kuwashukuru uliipika wewe. Uliipika umenuna. Nilikuona, nikajifanya nakagua kamba za ng'ombe.

Na mahindi yale, mke wangu, acha niseme ukweli, yalikubali. Afisa kilimo alikuja akapigwa picha katikati yake. Nikakuambia, umeona? Wewe ulikuwa unapepeta ulezi, kifua kimeshaanza kukusumbua, hukuinua hata uso. Ukasema, "Watoto watashiba uji, Baba Oreste. Halafu wakakimbilie wapi?"

Nilidhani ni hasira za mtu anayeumwa.

Siku hizi nakumbuka vitu ambavyo wakati ule niliviona vya kipuuzi. Ijumaa jioni ulikuwa unarudi sauti imekukauka, unaomba maji ya moto, eti mlikuwa mnawashangilia wasichana. Siku ya mahafali ulipindua mtungi, ukasugua kigoda juu yake mpaka ukanguruma, watoto wakaingia wakicheza, na yule mgeni wa halmashauri akaacha kiti chake akaingia katikati na suti yake. Mimi nilikaa pale mezani nikihesabu wangapi wamefaulu. Na kuna siku ulifunga kitenge juu ya magoti ukaingia uwanjani kuwaonyesha namna ya kurusha mpira kwenye pete. Nilikukaripia nyumbani nikasema mke wa mwenyekiti haruki ruki. Ukacheka. Ungenijibu tu ingekuwa nafuu.

Ulifariki mahindi ya mwaka uliofuata yamefika magotini. Nikabaki na Skola. Baba yake, mtoto wetu Oreste, bado yuko Kasesya na malori yake, anakuja Krismasi. Kwa hiyo nyumba ni mimi na mjukuu, yuko darasa la sita sasa. Anapika, anafagia, ananisomea dawa saa ngapi. Nilijisifu kwa kila mtu kwamba mjukuu wangu kila Ijumaa anabaki shuleni kusoma mpaka jua linazama. Nilijisifu hata kanisani, Mama Oreste. Shika hilo neno.

Sasa Ijumaa iliyopita kulikuwa na mashindano ya shule za kata, yalifanyika kwenye shule ya ng'ambo ya mto, maana wao uwanja wanao. Nilivaa koti langu la harusi ya binti yetu Gaudensia, nikakaa meza ya wageni. Kwanza kwaya, halafu ngoma, halafu netiboli, sisi na wenyeji. Wasichana wetu walikuwa wale waliookotwa wiki ile ile, wamefanyia mazoezi barabarani, gari likija wanakimbia. Tulifungwa, tukafungwa, tukafungwa. Wale wenyeji walikuwa na msichana mmoja mrefu, akishika mpira umeisha, unaingia. Watu wanashangilia mpaka wanaangusha miavuli.

Unayajua macho yangu, kitu kikiwa mbali nakiona kama kipo kwenye ukungu. Lakini akili yangu inaona. Nikainuka. Nikanyoosha fimbo, nikasema kwa sauti yangu ile ya mikutano, "Hawa ni mamluki. Hakuna shule ya kata hii yenye watoto wa namna hii. Nataka wakaguliwe."

Mchezo ukasimama. Mwalimu mkuu wetu akanisogelea, akaninong'oneza, mwenyekiti, tuache tu, ni michezo ya watoto. Nikamwambia mwalimu, wewe kama unaogopa kaa, mimi siogopi mtu. Mwalimu wa michezo wa wale wenyeji, mwanamke mfupi mpole, akasema ni kweli mzee ana haki. Akawapanga wasichana wake mbele ya meza, kila mmoja ataje jina, darasa na shule yake.

Wa kwanza wa kwao. Wa pili wa kwao. Wa tatu akataja shule yetu. Nikapiga meza, nikawaambia watu, mmesikia? Wa nne shule yetu. Wa tano shule yetu. Hapo sikupiga meza tena. Akaja yule mrefu. Akapiga goti kidogo kama ulivyomfundisha.

"Shikamoo babu," akasema.

Nikaitika marahaba. Mke wangu, niliitika kwa mazoea tu, mdomo uliitika wenyewe. Skola. Skola wangu, na jezi ya watu wengine mgongoni.

Nikageuka kumtazama mwalimu mkuu, anatazama viatu vyake. Nikawatazama wazazi wa upande wetu, kila mtu ana kitu cha kutafuta kwenye mfuko. Ndipo nikaelewa kwamba walijua. Wote. Kata nzima ilijua kwamba tangu nilipolima uwanja, watoto wetu wanne wanavuka mto kila Ijumaa kwenda kucheza kwa watu, na yule mwalimu anawapa viazi na kuwasindikiza mpaka darajani. Kila mtu alijua isipokuwa mimi, niliyekuwa najisifu kanisani.

Sikumaliza kushituka hapo. Wakati wanasimama mbele yangu karibu, niliziona zile sketi. Wote wanne sketi moja, rangi ya damu ya mzee yenye maua ya njano. Nikazitazama, nikazitazama tena. Ni pazia letu la sebuleni. Lile uliloniambia limeliwa na panya, nikanunua mtego, nikagombana na jirani kwamba panya wanatoka ghalani kwake. Uliwashonea wewe, kwa mkono, kitandani, siku zile nilizodhani umelala. Nilikaa chini bila kutafuta kiti kilipo, bahati kilikuwepo.

Basi taratibu zikafuatwa, maana nilizitaka mwenyewe. Wenyeji wakanyang'anywa ushindi, tukapewa sisi. Nikaitwa kupokea zawadi, mpira mpya wa netiboli. Nimepokea vitu vingi mbele za watu maishani mwangu, hata cheti cha mkulima bora. Siku ile hakupiga makofi hata mmoja. Yule mwalimu mpole alikuwa amewakumbatia wale wanne, wanalia, anawafuta na khanga yake. Hakunitazama vibaya. Angenitazama vibaya ningejua la kufanya.

Skola alirudi nyumbani mbele yangu. Nilimkuta ameshapika, ameweka chakula, amekaa na begi. Nikasema, kwa nini hukuniambia? Akasema, "Ungekataa, babu." Kisha akasema likizo ya Pasaka anaenda Namanyere kwa shangazi yake Gaudensia, wameshaongea kwa simu, kule shule ina uwanja, na hatarudi.

Alisema kwa adabu, Mama Oreste. Angepiga kelele ningempigia kelele, tungemaliza.

Usiku ule sikulala, wala wa pili. Niliisikiliza nyumba itakavyokuwa bila yule mtoto, nikasikia hakuna kitu ndani yake. Jumatatu nikaitisha kamati. Sikuomba msamaha, unanijua, lakini nilisema nilichokuwa nimefikiria: uwanja urudi, na urudi kabla ya likizo. Wakanitazama kama mtu mwenye homa. Mahindi yako kwenye mbelewele, mwenyekiti. Subiri tuvune. Nikasema likizo haisubiri mavuno. Kuhusu uji, nikasema, shamba langu la bondeni msimu huu ni la shule, mtavuna mtakavyovuna, na mnajua shamba langu halijawahi kumwangusha mtu.

Jumanne nikawaita watu kama desturi, waje tufyeke. Hakuja hata mmoja. Nawaelewa. Katika nchi hii yetu nani umewahi kumwona anafyeka mahindi yenye mbelewele? Mtu akipita ng'ombe wake wakala mabua matatu ni kesi ya balozi wa nyumba kumi. Waliponiona nimeingia na panga, walisimama barabarani wakinong'ona kwamba mzee tangu mkewe afe kichwa kimehama. Mama mmoja akapiga ishara ya msalaba. Na mimi nikakata bua la kwanza. Nililipanda kwa mkono huu. Lilikuwa limenizidi urefu. Nikakata la pili nimefumba macho, nikajikata kidole kidogo, nikaamua kuyafumbua.

Nilikata tangu umande haujakauka mpaka mchana. Mwalimu mkuu akaja na daftari la muhtasari wa kikao nisaini. Nikamwambia saini utaipata, sasa shika jembe. Akaenda kuvua tai, akarudi.

Watoto walipotoka darasani walisimama ukingoni, hakuna anayesogea. Kisha Skola akaja katikati ya mabua yaliyolala. Akatazama mbele, akatazama nyuma, jinsi nilivyofyeka kutoka goli mpaka goli bila kubakiza.

"Babu," akasema, "netiboli ni kipande kidogo tu. Ni pale mwisho. Mengine yote haya ungeyaacha."

Nikashika panga vizuri nikamwambia najua, huku kwingine ni kwa ajili ya mpira wa miguu, mimi sifanyi kazi nusu. Akanitazama sana. Halafu akacheka, Mama Oreste, akacheka akashika tumbo, na wenzake kule ukingoni wakacheka, na mwalimu mkuu akageuka upande akijifanya anakohoa. Kicheko chako kile kile. Nilikuwa sijakisikia tangu tulipokuzika.

Wakachukua majembe ya shule wakaanza kusawazisha matuta. Wasichana wakaanzisha wimbo wakilima, wa zamani, ule uliowafundisha wewe, na wale mama waliokuwa barabarani wakaupokea wakiwa bado kule kule. Baadaye mmoja akaingia. Kisha wakaingia wengine.

Jana jioni pete moja imesimama, imepinda kidogo upande wa kushoto, mlingoti niliuchimbia mimi na hakuna anayethubutu kuniambia. Begi la Skola bado liko karibu na mlango. Sijaliuliza. Nalipita kama vile silioni, na mguu wangu unalijua lilipo hata gizani.

Leo asubuhi wakati ananimiminia chai ameniambia kwamba Jumatatu baada ya likizo wameiomba ile shule ya ng'ambo ya mto ije tucheze nao, safari hii kila mtoto na shule yake, na yule mwalimu wao amekubali. Nikakirudisha kikombe mezani. Jumatatu baada ya likizo, mke wangu. Sikumuuliza kitu, niliogopa kuharibu. Kisha akasema mwalimu wetu hawezi kuchezesha kwa sababu atapendelea, wanataka mtu mzima ambaye watu wanamwogopa, ashike filimbi.

"Sheria za netiboli unazijua, babu?"

Nikamwambia nazijua zote tangu hajazaliwa.

Sijui hata moja, Mama Oreste. Hata moja. Wewe ndiye uliyekuwa unakaa pale kila Ijumaa, na mimi sikukuuliza kitu.

Niombee huko uliko, na upumzike. Kuhusu pazia sina neno.

Ni mimi mumeo, babu yake Skola,
Baba Oreste