Meli Niliyoimaliza Ndani ya Eda

Mpendwa Baba Zuhura,

Eda yangu imekwisha. Jana walinitoa, nikaoga, nikavaa kanga mpya aliyoniletea dada yako Mwanaidi kutoka Handeni. Majirani wakasema nimenawiri. Neno hilo limenichoma, maana mimi ndiye ninayejua kilichoninawirisha.

Unakumbuka boksi la kwanza la meli? Zuhura alilituma kwa basi hadi Korogwe, ukalifuata mwenyewe, ukarudi nalo Magoma umelipakata kama mtoto mchanga. Mtu aliyestaafu kazi ya korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, aliyekula vumbi lake miaka yote, sasa anaunganisha meli ndogo ya mbao kwa kufuata mchoro. Vile vibao vyembamba uliviloweka kwenye beseni langu la kufulia, ukavikunja taratibu juu ya mbavu za meli, ukavibana kwa vibanio vyangu vya nguo. Nguo zinapeperuka uani, wewe unaniambia nisubiri gundi ikauke. Nyuzi zilizokuja ndani ya boksi ulizidharau. Ulichambua singa za mkonge mpaka zikawa laini, ukasema meli ya Magoma haifungwi kwa uzi wa dukani. Nilikucheka sana. Nilikuita fundi wa bandari kavu.

Meli ya tatu uliiacha mbavu tupu. Mwanzoni mwa eda sikuweza hata kuitazama. Lakini kukaa ndani kutwa nzima nako ni kazi, na asubuhi moja nikaloweka kibao, basi tu mikono ipate cha kufanya. Kikavunjika. Cha pili kikakubali.

Harufu ya gundi ikanitia wasiwasi, kwa kuwa aliye edani hajitii manukato. Nikamwita mke wa shehe nimuulize. Bibi wa watu akainusa ile chupa, akafikiri, akasema, "Mwanangu, sijapata kuona mwanamke aliyejipaka gundi ili apendeze."

Nikacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu tukuzike, na kilinitoka kwa sauti huku watu waliokuja kunipa pole wakiwa barazani. Niliona aibu hadi nikalia.

Hata hivyo sikuacha. Nilijiambia nafanya kwa ajili yako, na siku za mwanzo ilikuwa kweli. Halafu mchana mmoja nikiwa nafunga kamba za mlingoti, adhana ya alasiri ikanishtua, nikagundua kwamba tangu adhuhuri sijakukumbuka hata mara moja. Wewe, uliyekuwa ukiniamsha alfajiri kwa kunivuta dole gumba la mguu. Na eda ilipokaribia kwisha, wajane wengine huomba siku zikimbie, mimi nikaomba zisiishe kabla ya mlingoti wa mwisho kusimama. Ni mke gani huyo?

Jana Mwanaidi akaikuta meli mezani, mlingoti wa mwisho umesimama. Aliishika kwa mikono miwili, machozi yakamtoka.

"Kaka aliimaliza," akasema. "Alhamdulillah, hakuacha kiporo."

Sikumsahihisha. Akaomba aende nayo Handeni, nikampa, akaiviringisha kwenye kanga. Huko atawaambia watu wote kuwa ni kazi ya mikono yako. Ungesema nilimwachia aamini hivyo kwa wema, lakini moyoni mwangu mlikuwa na wivu, Baba Zuhura. Nilikuonea wivu wewe, uliye kaburini, kwa sababu ya meli.

Leo asubuhi nimempigia Zuhura, nikamwomba atume boksi jingine.  Nadhani mtoto aliogopa kwamba huzuni imenichanganya akili. Akauliza kwa upole, "La baba, mama?"

Ningeweza kusema ndiyo, na wote tungelala vizuri. Nikamwambia, "Hapana. Langu."

Niwie radhi, mume wangu. Nakuombea katika kila swala, hata zile ninazozichelewesha kwa ajili ya gundi.

Mkeo,
Mama Zuhura